Vyumba vinne vya wageni Makangale: pimeni kisima kabla ya kuchimba msingi

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Makangale, Kaskazini Pemba. Familia yetu ina kiwanja si mbali na pwani ya Vumawimbi, chenye minazi na kisima cha zamani ambacho majirani pia wanateka. Mimi na dada zangu tunataka kujenga vyumba vinne vya wageni, na baadaye tununue boti ya kuwapeleka kwenye mwamba wa matumbawe. Yupo mgeni kutoka Ulaya aliye tayari kuingia ubia nasi. Wazee wetu wanaogopa. Wanasema tutaleta yale yale ya Unguja: maji yataharibika, bahari itachafuka, watoto wataacha skuli, na sisi wenyewe tutakuwa vibarua kwenye ardhi yetu. Na wageni wanaotuandikia wanauliza kama utalii wetu unajali mazingira na wenyeji, hatujui tuwajibu nini. Tuanzie wapi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Nianze na wazee wako, kwa sababu wameona sawasawa. Kila hofu waliyoitaja imeshatokea mahali fulani Unguja, na tunajua imetokeaje. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, nayo ni nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu wakaazi kama milioni 1.9. Wengi wa wageni hao walilala Unguja, katika ukanda mwembamba wa pwani ya kaskazini na mashariki. Pemba bado haijafikiwa na wingi huo, kwa hiyo mna nafasi ambayo Nungwi ya Unguja haikuipata: mnaweza kukubaliana mipaka kabla pesa hazijaanza kuingia. Kijiji kikishazoea mapato ya boti ishirini, kumzuia mwenye boti ya ishirini na moja ni ugomvi wa koo kwa koo. Kabla ya boti ya kwanza, ni kikao tu. Jibu langu lote linasimama hapo. Kaeni na shehia yenu, yaani watu wa eneo lenu chini ya sheha anayeliongoza, mkubaliane ni wageni wangapi, maji kiasi gani, boti ngapi na fungu gani litarudi kijijini, mwandike, ndipo mchimbe msingi.

Maji nitayazungumza kwa urefu kuliko jambo jingine, maana hapo ndipo kijiji huumia kwanza, na mgeni haoni. Mwaka 2012 shirika la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya mwanakijiji, na wote waliomo ndani, ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha gesti ya kawaida kilitumia lita 686. Chumba cha hoteli ya nyota tano kilifika lita 3,195. Fanya hesabu mwenyewe: chumba kimoja cha gesti kinakula maji ya nyumba saba na zaidi. Vyumba vyenu vinne, mkiviendesha kwa mtindo huo, vitachukua maji ya nyumba karibu thelathini za Makangale. Hakuna mzee mwenye akili atakayekubali hilo, na mimi siwashauri mumwombe akubali.

Sababu ya hatari hii iko chini ya miguu yetu. Katika visiwa vyetu, maji matamu ya pwani yamelala juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe na mchanga, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Mvua ikinyesha, tabaka hilo la maji matamu hunenepa. Ukiteka kwa ndoo, hupungua kidogo na kurudi. Ukitia pampu kubwa karibu na ufuo na kuvuta mchana na usiku, maji ya chumvi hupanda kutoka chini na kuingia kutoka kando. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya misimu mingi ya mvua, na mara nyingi hakirudi kama kilivyokuwa. Nyinyi Makangale mna mvua nzuri na udongo mzuri kuliko watu wa Paje au Jambiani, lakini kisima kilicho karibu na bahari kanuni yake ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo kipimeni kisima chenu kabla ya kuchora ramani ya nyumba. Viko vifaa vidogo vya mkononi vya kupima chumvi ya maji, bei yake haifiki bei ya kitanda. Pimeni mwishoni mwa Februari, kaskazi ikiwa imekausha, na mchague siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Pimeni tena Juni, masika yakishapita. Tarakimu ziandikeni kwenye daftari ambalo sheha naye ataliona. Ikiwa chumvi ya Februari iko juu sana kuliko ya Juni, kisima kinawaambia kwamba kimeshafika ukingoni hata kabla ya mgeni wa kwanza. Usafi wa maji ni kipimo kingine. Hicho ulizeni Mamlaka ya Maji, ZAWA, ili sampuli ichunguzwe vijidudu.

Hata vipimo vikitoka vizuri, ushauri wangu ni kwamba kisima kile kibaki cha majirani, na vyumba viishi kwa mvua. Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja ya maji. Tuchukue milimita 1,500 kwa mwaka, kadirio la tahadhari kwa Pemba. Paa la bati la mita mraba 120 litapokea lita 180,000. Tuondoe moja ya tano kwa maji yanayomwagika na kwa mvua ya kwanza inayoosha vumbi na vinyesi vya ndege, zitabaki lita 144,000. Wageni wanane wakitumia lita 80 kila mmoja ni lita 640 kwa siku, yaani maji hayo yanatosha siku 225 vyumba vyote vikiwa vimejaa, na sidhani gesti yenu itajaa siku zote hizo. Taabu ni pa kuyaweka, maana masika humwaga yote kwa pamoja, kisha Januari na Februari mbingu hufunga. Tangi la chini ya ardhi la lita 50,000 litawavusha siku 78. Ni ghali. Litakula pesa kuliko vitanda, mapazia na taa kwa pamoja, na nakusihi pesa ya mwanzo iende huko. Kama haitoshi vyumba vinne na tangi, jengeni vyumba viwili na tangi.

Hizo lita 80 hazitatokea zenyewe. Zinataka bomba la kuogea linalotoa maji kidogo, mashuka yasiyofuliwa kila siku, bustani ya mimea ya kwetu isiyotaka kumwagiwa, na bwawa la kuogelea lisiwepo kabisa. Mgeni aliyesafiri mpaka Vumawimbi ana bahari mbele yake.

Mfano wa kuutazama ni Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja ambacho mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Hakina maji matamu ya chini. Nyumba zake saba za wageni zinakinga mvua, zinaichuja na kuihifadhi chini ya sakafu. Vyoo vyake havitumii maji, umeme ni wa jua. Walinzi wa mwamba walianza kwa kuchukuliwa miongoni mwa wavuvi, na watoto wa skuli za Zanzibar hupelekwa kule kujifunza matumbawe kwa macho yao. Wamethibitisha kwamba mgeni wa kulipa pesa nzuri hukubali kuoga maji ya mvua akielezwa kwa nini. Lakini msikinakili chote. Chumbe hakina kijiji. Hakuna mvuvi wa Chumbe wala kisima cha jirani wa Chumbe. Sehemu ngumu ya kazi yenu, ya kukaa na watu, haimo katika mfano huo.

Maji yakiingia yatatoka, kwa hiyo choo kiangalieni kwa jicho lile lile. Karo lililochimbwa bila kuzibwa chini hupeleka uchafu kwenye visima, na kutoka hapo baharini, ambako mbolea hiyo huotesha ukoga na magugu yanayofunika matumbawe. Jengeni karo lililozibwa, lenye vyumba viwili au vitatu, na maji yanayotoka mwisho yapite kwenye kitalu cha migomba. Liwe mbali na kisima chochote kwa mita 30 angalau, na zaidi pale ambapo chini ni jiwe lenye matundu. Choo kisichotumia maji kama cha Chumbe ni bora zaidi ikiwa mna mtu wa kukihudumia kila wiki bila kuchoka. Bila ya mtu huyo, msijaribu.

Kwenye ujenzi wenyewe nitapita haraka. Msichote mchanga wa pwani, maana unahama na kesho ufuo wenu utaliwa. Mchanga wa ujenzi Zanzibar una utaratibu wake wa serikali, ufuateni. Msitumie chokaa cha matumbawe ya kuchomwa. Boriti za mikoko zinapendeza darini, lakini mikoko ndiyo inayokamata tope na kulea samaki na kamba wachanga, basi tumieni mbao zilizopandwa. Na kama kasa wanapanda ufuo wenu kutaga, taa za upande wa bahari zizimwe usiku au zifunikwe, kwa sababu vifaranga vya kasa hufuata mwanga, na wakifuata wa gesti badala ya wa bahari hufa njiani.

Sasa bahari. Hapa nina mifano miwili ya Unguja nitakayoisema waziwazi, kwa heshima ya watu wa huko ambao wengi wanataka mambo yawe bora.

Kizimkazi, mpaka katikati ya miaka ya 1990, wavuvi waliwaua pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha papa. Watalii walipoanza kulipa ili wawaone, uvuvi huo ukakoma. Hilo ni jema kubwa, na wavuvi wa Kizimkazi wanastahili sifa yake. Ila hakikuwekwa kikomo cha boti. Ikawa kundi moja la pomboo linazungukwa na boti nyingi, kila nahodha anakimbiza ili wateja wake waruke majini juu ya mnyama. Watafiti waliowafuatilia waligundua kwamba boti na waogeleaji wakizidi, pomboo hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Pale ni ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997, kwa hiyo tangazo peke yake halikutosha. Mnemba nako ni eneo la hifadhi tangu 2002, na asubuhi za msimu mkubwa boti hujaa juu ya mwamba ule ule, nanga zinavunja matumbawe, wageni wanasimama juu yake na viatu vyao. Na kwenye mafungu ya mchanga wa upande ule utaona viti vya pweza, vile viumbe vyenye umbo la nyota, vikitolewa majini ili vishikwe kwa picha, kisha vikarudishwa vimeshachoka. Manahodha hawafanyi hivyo kwa ubaya. Mgeni ameomba, mwenzake amekubali, yeye akikataa atakosa bahshishi. Ndiyo maana nasema kanuni ianzwe na kijiji kizima. Nahodha mmoja mwema hawezi kushindana na kumi.

Mfano mwingine uko kwenu Pemba, na kwa maoni yangu hakuna mahali katika mwambao huu panapofundisha zaidi. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, ni tegemeo la wavuvi wa vijiji vingi. Miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikodisha kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi wakasimama kuupinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, ambamo wavuvi waliendelea kuvua na kupiga kambi, lakini sehemu ya mwamba upande wa magharibi ikaachwa isivuliwe kabisa, wakaja wapiga mbizi. Jambo lililoipa nguvu kanuni hiyo ni kwamba ilisemwa misikitini pamoja na ofisini. Mafunzo ya kumhimiza mvuvi asitumie baruti wala nyavu haramu yalijengwa juu ya amana: kwamba mwanadamu amekabidhiwa ardhi na bahari, si mali yake ya kuharibu. Mvuvi anayemkwepa askari wa doria hawezi kulikwepa neno lililosemwa na imamu wake mbele ya watoto wake. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa katika hifadhi pana ya Mkondo wa Pemba. Siwaambii kwamba Misali haina matatizo; doria inataka mafuta ya boti na mafuta yanataka pesa. Lakini mkitaka imamu wenu aseme neno kuhusu mwamba wa Makangale, hamtakuwa wa kwanza Pemba kufanya hivyo.

Kabla ya kununua boti, basi, nendeni kwa Kamati ya Wavuvi ya Shehia. Waulizeni wao ni mwamba upi unafaa kupelekwa wageni na upi uachwe. Upande wa kusini, wa Kisiwa Panza, wavuvi wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, wakisaidiana na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao. Pweza hukua haraka mno, na siku ya kufungua huvuliwa wakubwa. Kijiji chenye kamati iliyozoea kufunga na kufungua kinajua pia kusema boti mwisho ni tatu. Ombeni boya moja au mawili ya kufungia boti ili nanga isiguse mwamba. Mgeni avae fulana ya mikono badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua yanayoishia majini. Asiguse, asisimame, asilishe samaki mikate. Na boti isipite juu ya kinamama wanaochokoa pweza maji yakitoka. Wakati ule pwani ni yao.

Hilo la kinamama lisikilizeni sana dada zako. Huko Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, vigingi vya wakulima sasa vinagombania maji ya kina kifupi na wachezaji wa kaiti, wanaovutwa na tiara juu ya maji, na wageni wanaotaka pwani tupu. Mwani ndio uliowapa wanawake wengi wa pwani pesa yao ya kwanza ya mkononi. Hoteli inapowasogeza, hata kwa upole, imechukua kitu ambacho mshahara wa mfanyakazi mmoja wa kufagia hauwezi kukifidia. Kwenye andiko lenu na shehia, tajeni kwa majina njia za kwenda pwani, maeneo ya kuchokoa, maeneo ya mwani kama yapo, na mahali pa kuanikia dagaa. Yaandikwe kwamba hayatafungwa kwa ukuta wala kwa kamba.

Tuje kwenye pesa, maana bila pesa hakuna kijana atakayeyasikiliza haya. Mgeni akilipa, swali ni pesa ile inapita kwa watu wangapi wa Makangale kabla haijaondoka. Hoteli nyingi kubwa za Unguja hupikia vitu vya Bara na vya ng'ambo, nyanya na mayai kwa magari, maji ya chupa kwa makreti. Nyinyi mna mchele, muhogo, majimbi, ndizi, nazi, kuku wa kienyeji na samaki wa siku ile. Pangeni chakula kufuatana na kilichopo, msipange orodha ya Ulaya kisha mkahangaike kuitafuta. Lakini kwa samaki muwe waangalifu. Gesti ikianza kununua kila pweza na kila changu kwa bei ya watalii, kitoweo cha jirani kinapanda, na yule mama uliyetaka kumsaidia anakula muhogo mtupu. Kubalianeni na wavuvi kwamba mtanunua dikoni, pale samaki wanaposhushwa, baada ya wanakijiji kununua. Msichukue samaki wachanga, wala kamba-koche mwenye mayai, wala samaki wa juya.

Fungu la kijiji liwekwe wazi tangu mwanzo. Jozani ya Unguja, ambayo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, ilifanikiwa kumlinda kima punju kwa sababu sehemu ya kiingilio hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka, na wakulima ambao kima anakula mazao yao wakapata chochote. Mkulima wa kijiji cha Pete hakumpenda kima kwa sababu ya hotuba. Alimvumilia alipoona kuna kitu kinarudi shambani kwake. Kwenu, tuseme mtatenga shilingi 5,000 kwa kila mgeni kwa kila usiku. Vitanda vinane vikijaa nusu ya mwaka ni usiku 1,460, ambazo ni shilingi 7,300,000. Si pesa ya kujenga hospitali, lakini ni madawati, ni dawa za kituo cha afya, ni mafuta ya boti ya doria. Hesabu zibandikwe ubaoni kwa sheha kila mwezi, na mtunza fedha asiwe mtu wa familia yenu.

Nawapeni pia wazo ambalo wenye hoteli wengi wameliacha likapita. Mlango wa pili wa Makangale ni msitu wa Ngezi. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani, mmoja wao ni yule bundi mdogo wa Pemba, na Ngezi ni mahali pazuri pa kumsikia. Bundi hutafutwa usiku. Mgeni anayetaka bundi lazima alale karibu, ale chakula cha jioni kwenu, na aongozwe na mtu anayeujua msitu gizani. Kijana mmoja wa kijiji akisomeshwa ndege na miti, akapata leseni ya uongozaji, analeta wageni wa usiku mmoja zaidi bila kuongeza boti hata moja baharini. Popo wakubwa wa Pemba ni ushahidi: walikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti, na watu wa Kidike wakawalinda kwenye msitu wao mdogo, leo wageni wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama wakining'inia.

Kuhusu watoto, wazee wana haki ya kuwa wakali. Mtoto akigundua kwamba pwani inatoa dola na skuli haitoi kitu, atachagua pwani, na atakapokuwa mkubwa hatakuwa na kazi ya kufanya pwani wala kwengineko. Msiruhusu mtoto kuuza kitu kwa wageni saa za skuli. Waambieni wageni kabla hawajapanda ndege kwamba hawagawi pesa wala peremende wala kalamu mikononi. Mwenye kutaka kusaidia apitishie kwa mwalimu mkuu, iandikwe. Waambieni pia mavazi ya kutembelea kijijini, picha zisizopigwa bila idhini, mambo ya Ramadhani, na kwamba nyumba yenu haiuzi ulevi kama hamtauza. Mgeni aliyeambiwa mapema huheshimu. Anayekasirika ni yule aliyegombezwa njiani mbele ya watu. Taka nazo zielezwe huko huko mwanzo: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, maji ya kunywa mtayachuja na kuyajaza kwenye chupa ya mgeni mwenyewe, na betri na makopo ya mafuta ya ngozi ayarudishe kwao, sisi hatuna pa kuyaweka.

Sasa unaweza kuwajibu wale wanaouliza kama mnajali mazingira. Usiwape neno, wape vitu vya kuhesabu. Maji yetu ni ya mvua na tangi letu ni lita kadhaa. Maji machafu yanaishia kwenye migomba. Anayekupikia ni dada yangu, samaki kanunuliwa dikoni leo, kila usiku wako shilingi 5,000 zinakwenda shehia na hesabu iko ubaoni. Boti zetu ni mbili na hazitazidi tatu. Mgeni mwenye nia njema ataelewa mara moja, na anayetaka bwawa la kuogelea atakwenda pengine mapema, jambo ambalo ni nafuu kwenu nyote.

Nimeacha ubia kwa sababu ndipo palipo na hatari kubwa kuliko unavyodhani. Mgeni huyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini ardhi Zanzibar iko chini ya serikali na nyinyi mna haki ya kuitumia. Haki hiyo ikishahamishiwa jina jingine, wema wa mtu hautairudisha kwa watoto wenu. Ukopeni mtaji wake kama deni lenye muda na riba mliyokubaliana, au mpeni sehemu ya faida kwa miaka maalumu. Kiwanja kibaki kwenye jina la familia. Andiko la shehia lenye mipaka ya wageni, maji na boti liwe sehemu ya mkataba wake, ili asije mwaka wa tatu akasema sasa tuongeze vyumba kumi. Mkataba uwe kwa Kiswahili na kwa lugha yake, na wakili wenu asiwe yeye aliyemleta. Akikataa kuweka mipaka hiyo kwenye karatasi, mmeshajua anachokusudia kabla ya kuchimba shimo.

Vibali vyake ni vya kawaida. Kamisheni ya Utalii Zanzibar ndiyo inayotoa leseni za nyumba za wageni na za waongozaji. Mamlaka ya Mazingira, ZEMA, itawaambia tathmini ya kiwango gani inatakiwa kwa mradi mdogo kama wenu. Halmashauri ya Wilaya ya Micheweni ina yake ya ujenzi. Anzeni kwa sheha kabla ya hao wote. Na kwenye barua mtakazowaandikia wageni wa nje, wakumbusheni bima ya safari ya Zanzibar ambayo ni ya lazima tangu Oktoba 2024.

Kwa ratiba, kama mtaanza mwaka huu: kikao cha shehia na Kamati ya Wavuvi kifanyike kwanza, hata kikichukua miezi. Kipimo cha kwanza cha kisima Februari, cha pili Juni. Msingi na tangi mvijenge kipindi cha kusi, kuanzia Julai, ardhi ikiwa kavu. Paa na mifereji viwe tayari kabla ya vuli ya Oktoba, ambayo itawaonyesha panapovuja na kuosha paa. Tangi litajaa masika yanayofuata, Machi mpaka Mei, na vyumba viwili vya mwanzo vinaweza kupokea wageni Juni. Vile viwili vingine vingoje mpaka mpitishe Februari moja nzima kwa maji ya tangi lenu wenyewe, bila kugusa kisima cha majirani.